Maswali ya Wasomaji: Mafao ya Mama, Vyumba vya Kupangisha na Kiwanja cha Mbali

Barua za miezi miwili iliyopita zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinahusu jambo moja: mtu amepata fedha, au anatarajia kuipata, na anataka kuiweka kwenye nyumba ya makazi ili imlishe. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu maswali mengine mengi yamejificha ndani yake.

Swali

Nilistaafu uuguzi mwezi Juni baada ya miaka 34 kazini. Katika mafao ya mkupuo, baada ya kulipa madeni, nimebakiwa na shilingi milioni 60. Ninacho kiwanja chenye hati, cha mita za mraba 600, kule Kihonda hapa Morogoro, nilichokinunua mwaka 2009. Mdogo wangu wa kiume ananishauri nijenge nyumba moja ya vyumba vitatu, yenye uzio na mahali pa kuegesha gari, niipangishe kwa familia yenye kipato kizuri, hasa sasa ambapo treni ya umeme imefika na watu wa Dar es Salaam wanaanza kuangalia huku. Jirani yangu, ambaye ana vyumba kumi karibu na chuo, anacheka na kusema kwamba nyumba ya familia moja ni pambo la mtaa. Mimi ninachotaka ni fedha ya kula kila mwezi bila kuwasumbua watoto. Nimsikilize nani?
*Muuguzi mstaafu, Morogoro*

Jibu

Shikamoo, Mama, na hongera kwa kumaliza miaka 34 ya zamu za usiku ukiwa mzima. Kabla sijasema nani kati ya mdogo wako na jirani yako ana hoja, naomba tukae na kalamu, kwa sababu wote wawili wamekupa maoni na hakuna aliyekupa hesabu.

Tuanze na mtaji. Umeandika milioni 60, lakini umesahau kiwanja. Kingeuzwa leo kingekuletea fedha, na fedha hiyo ingeweza kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo hata kama mwaka 2009 ulikipata kwa bei ya kutupa, kihesabu kwa bei ya leo. Tuseme ni milioni 12, nawe utaweka bei utakayoambiwa na watu watatu wasio na haja ya kukiuza wala kukinunua. Mtaji wako basi ni milioni 72, na faida yoyote tutakayoipata tutaipima dhidi ya hiyo.

Sasa nyumba ya mdogo wako. Tuseme inapangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Watu wengi huzidisha mara 12, wakapata milioni 4.2, wakafunga daftari. Lakini familia inayoweza kulipa kodi hiyo ndiyo hiyo hiyo inayojenga kwake, na siku ikihama unaweza kukaa miezi mitatu bila kusikia hodi getini; ukiisambaza hasara hiyo katika miaka mitatu, ni sawa na kukosa mwezi mmoja kila mwaka. Imebaki milioni 3.85. Mapato ya pango yana kodi ya Serikali ya asilimia 10, ambayo ni 385,000, na matengenezo ya nyumba nzima, rangi, mabomba, vitasa na bati lililoinuliwa na upepo, hayawezi kupungua 400,000 kwa mwaka. Kinachobaki mkononi ni shilingi 3,065,000, yaani asilimia 4.3 ya mtaji wako. Gawanya kwa miezi 12: ni kama 255,000 kwa mwezi. Je, hiyo ndiyo fedha ya kula uliyoifikiria ulipokuwa unasaini fomu za mafao?

Hesabu ya jirani inapendeza zaidi. Kwa milioni 60, fundi asiyependa mapambo anaweza kukuinulia vyumba nane vya masta, kila kimoja na choo chake, na tuseme kila chumba kinapangishwa kwa 80,000. Kwa mwezi ni 640,000. Hapa lakini sitakubali hesabu ya miezi 12 wala ya 11. Vyumba vya karibu na chuo vinafuata kalenda ya chuo: wanafunzi wa Sokoine au Mzumbe wakifunga kwa likizo ndefu, wengi hurudi kwao na godoro, na chumba hulala kimya mpaka wafungue. Weka miezi miwili mitupu. Milioni 6.4, toa kodi ya Serikali 640,000, toa shilingi 900,000 za matengenezo, kunyonya choo, na kijana wa kufagia uwanja na kukusanya malalamiko. Zimebaki shilingi 4,860,000, ambazo ni kama asilimia 6.8 ya milioni 72. Jirani yako yuko mbele ya mdogo wako, Mama, lakini hayuko mbele kwa mbali kama anavyocheka.

Tena jirani hakukuambia habari ya usumbufu, nami naifahamu kwa kuwa niliurithi. Marehemu baba aliniachia vyumba sita vya uani vyenye mita moja ya umeme. Kila Jumapili jioni wapangaji walikusanyika chini ya mwembe kuchangia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kila Jumapili hesabu ilikwama mahali palepale: kijana wa chumba cha nne alikuwa na friji, na dada wa chumba cha pili alipiga pasi nguo za watu kwa malipo, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mla uniti. Usiku mmoja umeme uliisha saa tatu, watu watano wakanipigia simu mmoja baada ya mwingine, na wa sita akapiga kuniuliza kama wale watano wamenieleza vizuri. Nilinunua uniti za shilingi elfu tano kwa simu ili nipate usingizi. Katika miezi 14 walihama wapangaji wanne, na hakuna hata mmoja aliyehama kwa sababu ya kodi. Nilipokuja kuweka mita ya kila chumba, baada ya ukuta kupigwa lipu na rangi, ilinibidi kuchimbua nilichokwisha kulipia. Kwa hiyo mita nane, au angalau njia za nyaya za mita nane, ziingie kwenye makadirio ya fundi tangu siku ya msingi. Na ukishakuwa na mita zaidi ya moja kwenye jengo moja, kumbuka kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Fuatilia mapema mamlaka ya mapato ili jengo lako moja lisilipiwe kama majengo manane.

Kuhusu treni, naomba uwe na subira. Ni kweli kwamba tangu Juni 2024 mtu anaweza kupanda treni ya umeme Dar es Salaam na kushuka Morogoro akiwa bado na nguvu za kazi. Lakini reli inayomleta mtu asubuhi ndiyo inayomrudisha jioni. Ofisa ambaye zamani angelazimika kupanga nyumba Morogoro kwa ajili ya kazi ya miezi sita, leo anaweza kurudi kwa mkewe kila Ijumaa na kulala nyumba ya wageni siku zilizobaki. Sisemi kwamba treni haitapandisha kodi za Kihonda; nasema usijenge kwa fedha ya mafao juu ya ongezeko ambalo hujaliona kwenye kibao. Chukua siku mbili, vaa viatu vya kutembelea, uzunguke mtaani ukihesabu vibao vya "Nyumba inapangishwa" na "Chumba kinapangishwa". Piga namba zilizoandikwa kama mtafuta nyumba. Uliza bei, halafu uliza tangu lini iko wazi, na usikilize jinsi sauti ya dalali inavyobadilika kwenye swali la pili.

Sasa ushauri wangu, ambao pengine hautampendeza mdogo wako wala jirani. Usimwage milioni 60 zote kwenye zege. Jenga vyumba vinne kwanza, kwa kama milioni 30, kwenye upande mmoja wa kiwanja, ramani ikiwa imechorwa na kibali cha ujenzi kimetolewa kwa vyote nane. Nusu ya hesabu ile ya juu itakupa shilingi 2,430,000 kwa mwaka. Milioni 20 nunua hati fungani za Serikali, yaani uikopeshe Serikali nayo ikulipe riba, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada na mwananchi anaweza kuanza na shilingi milioni moja. Mwezi Aprili 2022 riba ya hati ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, uulize kiwango cha mnada wa sasa kabla ya kuamua, lakini tukitumia 12.56 kwa mfano, milioni 20 zitakuletea shilingi 2,512,000 kwa mwaka, zinazoingia kwenye akaunti mara mbili bila mtu kukugongea dirisha. Jumla ni shilingi 4,942,000. Umeizidi hesabu ya vyumba vinane, na milioni 10 bado ziko benki. Zihifadhi hizo, kwa sababu shimo la choo, uzio na kisima havigawanyiki nusu kwa nusu kama vyumba, na hakuna ujenzi niliouona ukiishia pale makadirio yalipoishia.

Utaniuliza: kama hati fungani inalipa hivyo, kwa nini nisiache kujenga kabisa? Kwa sababu baada ya miaka 25 Serikali itakurudishia, au itawarudishia wanao, milioni 20 zilezile, na milioni 20 za siku hiyo zitanunua mifuko michache ya saruji kuliko za leo. Kodi ya chumba hupanda na maisha. Mwaka huu 80,000, baada ya miaka kadhaa 100,000, na ardhi iliyo chini ya chumba nayo haibaki pale ilipokuwa. Hati inakulisha sasa, chumba kinakulinda baadaye. Ukifika mwaka wa tatu, ukaona vyumba vinne vya kwanza havikukaa vitupu zaidi ya wiki sita kwa mwaka, inua vinne vilivyobaki kwa fedha ambayo vyumba vyenyewe vimekuzalia na sehemu ya akiba. Vikiwa vinakaa vitupu miezi minne, utajua kwamba Kihonda ya upande wako ina vyumba vya kutosha, na utakuwa umelijua hilo kwa milioni 30 badala ya 60.

Jambo la mwisho, Mama, la wapangaji. Usiwategemee wanafunzi peke yao. Chumba kimoja cha mwalimu mpya aliyepangiwa kituo, kimoja cha fundi wa gereji ya Msamvu, kimoja cha muuguzi kama ulivyokuwa wewe, hulipwa likizo na isiyo likizo. Mwanafunzi mlipe heshima yake, naye akulipe muhula mzima mbele.

Swali

Mimi nafanya kazi Muscat tangu mwaka 2017. Binamu yangu amenitafutia eneo la ekari moja Kigamboni kwa shilingi milioni 18. Muuzaji ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na dalali anasema nitume nusu ya fedha wiki hii kwa kuwa kuna mteja mwingine aliyekwisha kuweka ahadi. Ananihakikishia kwamba ndani ya miaka mitano bei itakuwa mara tatu. Mpango wangu ni kulishikilia tu, halafu niliuze. Je, nitume?
*Msomaji, Muscat*

Jibu

Usitume wiki hii, ndugu yangu. Yule mteja mwingine nimemsikia kwa miaka zaidi ya 15, katika kila eneo nililowahi kuonyeshwa, na sijawahi kukutana naye uso kwa uso.

Kuzidisha bei mara tatu kwa miaka mitano maana yake ni kukua kwa asilimia 25 kila mwaka, bila kuruka hata mmoja. Yapo maeneo yaliyofanya hivyo na zaidi. Lakini Kigamboni hiyohiyo ina historia ambayo dalali hatakusimulia: mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, na kwa miaka wenye maeneo wakabaki wameshika ardhi ambayo hawakuruhusiwa kuiendeleza, huku wakisubiri fidia ambayo tarehe yake ilikuwa ikisogea. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, waliofaidi haraka ni wale waliokuwa na karatasi safi. Eneo lisilo na mpangaji halikulipi chochote wakati unasubiri, na kiwanja kisichoangaliwa huota nyumba za watu wengine. Ongeza malipo ya mlinzi au ya jirani wa kukutazamia, halafu uhesabu tena.

Kuhusu muhuri, tuelewane vizuri. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba watu wawili walikaa mbele ya mwenyekiti wakakubaliana. Hauthibitishi kwamba mmoja wao alikuwa na haki ya kuuza. Mwenyekiti na wajumbe wana manufaa yao: wanajua nani alizaliwa pale, mzee aliacha watoto wangapi, na mpaka wa mnazi ulihama lini. Waulize hayo. Kama muuzaji amerithi, taka barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi, na umsikie kila mrithi. Kama ana mke na pale ndipo wanapoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume, au mke, kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake; nimeshuhudia mauzo yakirudi nyuma kwa sababu ya sahihi moja ya mwanamke ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita.

Kama eneo lina hati, wakili wako afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, aone jina, mkopo uliowekewa dhamana na zuio lolote. Kama halina hati, na kwa ekari moja ya bei hiyo sidhani kama linayo, aende ofisi ya ardhi ya manispaa na kuomba kuonyeshwa eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji. Huenda pale unapopaita pako pameandikwa shule, makaburi au barabara. Waliojenga kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mbele, walikuwa na nyumba nzuri na majirani wazuri, na mwaka 2017 zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Ujue pia kwamba siku ekari itakapopimwa, barabara za mtaa zitamega sehemu yake. Usinunue ekari ukiihesabu kama ekari.

Ikiwa yote haya yako safi na bado unalitaka, usimtumie binamu fedha. Simchafui binamu yako, lakini fedha inayopita mikono mitatu huwa na mahitaji matatu njiani. Andika hati ya kumpa wakili mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, uithibitishe ubalozini Muscat, na malipo yaende benki moja kwa moja kwa muuzaji baada ya mkataba kusainiwa. Na kama unafikiria kubadili uraia siku za usoni, jua kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa kisheria, kwa hiyo muulize wakili hali ya sasa.

Kwa milioni 18 ningekushauri kiwanja kidogo kilichopimwa, chenye namba ya kitalu na mawe ya mipaka unayoweza kuyapigia picha, hata kama ni mita za mraba 500 tu. Kitauzika kwa siku chache utakapokuwa na shida. Ekari ya karatasi hutafutiwa mnunuzi kwa dua.

Swali

Mimi ni mtumishi wa umma Dodoma. Benki iko tayari kunikopesha milioni 50 kwa miaka 15 ninunue nyumba Nkuhungu, nami niipangishe ili kodi ilipe mkopo. Wenzangu wanasema ndiyo njia ya matajiri. Ni kweli?
*Mtumishi, Dodoma*

Jibu

Njia ya matajiri inategemea riba, na riba ya matajiri wa nchi nyingine si riba yetu. Mikopo ya nyumba hapa kwetu hutozwa riba ya tarakimu mbili. Tuchukue asilimia 16. Milioni 50 kwa miezi 180 zitakudai karibu shilingi 734,000 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa kama milioni 132. Sasa nenda ukaulize nyumba ya thamani hiyo inapangishwa kwa shilingi ngapi hapo mtaani. Ukiambiwa 350,000, ambayo ndiyo aina ya bei ninayoisikia, basi kila mwezi mshahara wako utachangia zaidi ya nusu ya rejesho la nyumba wanayoishi watu wengine, na huo ni mwezi ambao mpangaji amelipa.

Wapo waliofanya hivyo Dodoma wakafaulu. Walionunua kabla Serikali haijatangaza kuhamia, mwaka 2016, waliona bei na kodi zikipaa kwa pamoja, na kupaa kule kukalipia kasoro ya hesabu. Tangazo kama lile halitoki mara mbili katika mji mmoja. Wewe unanunua baada ya bei kupanda, wakati viwanja vipya vimepimwa pande zote za jiji na kila mwenye kiwanja anajenga.

Kama mkopo huo ungekuwa wa nyumba utakayoishi mwenyewe, jibu langu lingekuwa jingine, kwa sababu ungelinganisha rejesho na kodi unayolipa sasa, pamoja na amani ya kutohamishwa. Kama unataka nyumba ya kupangisha kwa mkopo, fikiria kukopa kidogo sana, kwa muda mfupi, kumalizia kitu ambacho tayari kiko karibu kuingiza fedha: pagale lililokwisha kuezekwa, linalodai milango, sakafu na umeme. Shilingi milioni 8 za kumalizia zinaweza kufungua kodi ya vyumba vitatu ndani ya miezi miwili. Ila ukinunua pagale la mtu, mlipe fundi asiyemjua muuzaji apande ngazi aangalie lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, kabla ya kutoa senti. Ukuta uliokaa mvua tatu bila paa huonekana mzima kwa mbali, nao hubomoka kwa kucha.

Swali

Nina nyumba mbili Mwanza. Wapangaji wapya wananiomba walipe mwezi kwa mwezi, nami nimezoea kuchukua kodi ya miezi sita. Nikikubali sitapoteza?
*Mwenye nyumba, Nyamagana*

Jibu

Hilo liko mikononi mwenu wawili. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinachotawala kwa sehemu kubwa ni mkataba mlioandikiana. Kodi ya miezi sita inakupa fedha ya kununulia bati leo, lakini inapunguza watu wanaoweza kugonga mlango wako, maana mwenye mshahara wa kawaida hana mishahara sita mfukoni. Fanya hesabu: nyumba iliyokaa wazi miezi miwili ikimsubiri mwenye kodi ya miezi sita imekwisha kula theluthi ya kile ulichokuwa unakisubiri.

Kwa mpangaji mwenye ajira inayojulikana, mimi ningekubali kodi ya kila mwezi, pamoja na amana ya miezi miwili na mkataba wa mwaka mmoja unaosema tarehe ya kulipa, nani anatengeneza nini, na notisi ni ya siku ngapi kwa kila upande. Kwa mpangaji usiyemfahamu, anza na miezi mitatu. Akilipa vizuri mara mbili, mhamishie kwenye mwezi. Kodi ipite benki au kwenye simu, isilipwe taslimu mkononi, ili siku mkikosana na kufika Baraza la Ardhi na Nyumba kila mmoja awe na karatasi zake. Na amana hiyo iweke kwenye akaunti yake peke yake, kwa kuwa siku mpangaji anahama ataidai asubuhi, akiwa ameshika funguo, na gari la mizigo linanguruma nje.